KADI ZA MCHANGO ZIMEFIKA TENA: NANI ATASOMA HESABU?

Ndugu Wanachama,

Kila Januari ikikaribia, kadi za mchango huanza kumiminika kazini kwetu kama siafu baada ya mvua. Kadi ya maabara ya shule huko Uriri, kadi ya bweni la wasichana huko Ndhiwa, kadi ya mtoto wa jirani aliyeitwa chuo kikuu na nauli hana. Mkata miwa wa Awendo anapewa kadi, mwalimu anapewa, mfagiaji wa soko la Oyugis anapewa, na karani wa kaunti hupewa tatu kwa siku moja. Wala hakuna ye yote anayependa kukataa, kwa maana mtoto ni wa wote, na aibu ya kukataa ni kubwa kuliko shilingi mia mbili. Basi twatoa. Januari iliyopita mimi mwenyewe nilitoa mara nne, na mara zote nne jina langu lilisomwa katika kipaza sauti, ingawa mara moja walilitamka kama la mtu mwingine.

Leo nataka kusema jambo ambalo pengine halitawapendeza wote. Sisi wafanyi kazi twajua sana kutoa, lakini tukiisha kutoa tunakwenda nyumbani. Katika chama chetu hatufanyi hivyo. Ada ya chama ikikatwa kwenye mshahara, mwanachama ana haki ya kuuliza imekwenda wapi, tena Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inavilazimisha vyama vyote kupeleka hesabu zilizokaguliwa kwa Msajili kila mwaka. Kwa nini basi mtu yule yule anayempigia kelele mweka hazina wa tawi kwa ajili ya nauli ya basi, akae kimya juu ya fedha za shule?

Sisemi ya kwamba harambee ni mbaya. Neno lenyewe ni la watu wa kazi, la makuli na wavuta kamba wa Pwani waliokuwa wakiitikiana ili mzigo usogee kwa pamoja. Mzee Kenyatta alipolifanya mwito wa taifa mwaka 1963 alilikuta tayari vinywani mwa watu wenye jasho. Na huku kwetu kulikuwa na saga: leo tunalima kwangu, kesho kwako, na kila mtu anajua ni nani aliyekuja na jembe na ni nani aliyekuja na mdomo tu. Saga haikuhitaji mkaguzi wa hesabu kwa sababu shamba lililolimwa laonekana na kila apitaye.

Tena tunao mfano wetu wenyewe, wala hautoki mbali. Kaburi la Tom Mboya liko kisiwani Rusinga, na ye yote aliyefika Mbita aweza kulitazama. Watu wengi humkumbuka kwa hotuba zake na kwa risasi iliyomwua Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Mimi humkumbuka kwa jambo jingine. Baba yake alikuwa mfanyi kazi katika shamba la katani la Mzungu karibu na Thika, na kijana huyu alitoka shule ya Mang'u kabla ya kufika alikotaka, kwa sababu ada haikupatikana. Akaenda kujifunza kazi ya ukaguzi wa afya mjini Nairobi, akaajiriwa na Baraza la Mji, na kutoka hapo akaingia katika mambo ya vyama. Mwaka 1953 alikuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyi kazi, akiwa na umri wa miaka 23 tu.

Mtu huyo aliyeshindwa na ada ndiye aliyezunguka Marekani kutafuta nafasi za masomo kwa vijana wetu. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka na wanafunzi 81. Kule Marekani Jackie Robinson mcheza besiboli, Harry Belafonte mwimbaji na Sidney Poitier mwigizaji waliweka majina yao chini ya barua ya kuomba fedha za nauli. Mwaka 1960 mfuko wa jamaa ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Kufikia mwaka 1963 walikuwa wamesafiri karibu wanafunzi 800, na katika wale wa 1960 alikuwamo Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Lakini hapa nyumbani ndipo ninapotaka mtazame. Jamaa na majirani walifanya karamu za chai, kikombe kwa kikombe, ili mtoto apate koti na fedha za mfukoni. Mtoaji alijua anamtolea nani, na anakwenda chuo gani. Na aliporudi, walimwona kwa macho. Ilikuwa saga, isipokuwa shamba lilikuwa ng'ambo ya bahari.

Sasa linganisheni na haya. Miaka mitatu iliyopita niliitwa katika harambee ya shule moja ya upili katika Kaunti ya Migori, jina lake nitaliacha. Kulikuwa na hema, ngoma, na viti vya plastiki vya bluu kwa wageni. Tuliambiwa tufike saa nne asubuhi. Mgeni wa heshima alifika saa tisa, na tangu saa nne hadi saa tisa watoto walikaa juani wakisubiri kumwimbia. Wanyonge tulitoa kwanza: mia moja, mia mbili, mama mmoja mwuza omena akaleta noti yake ikiwa imekunjwa kama karatasi ya tumbaku. Kisha bwana mkubwa akasimama na bahasha, akatangaza kiasi ambacho kilitufanya sote tupige makofi hadi mikono ikauma. Baadaye tulifahamu kwamba nusu ilikuwa ahadi. Maabara ile leo imefika usawa wa madirisha, na ndani yake yameota majani ambayo mbuzi wanayapenda sana. Nilipokutana na yule mama sokoni aliniuliza, kwa upole kabisa, ile mia mbili yake imekuwa tofali gani. Sikuwa na jibu. Nilikwenda kuuliza katika halmashauri ya shule, nikaambiwa hesabu zipo lakini aliye na daftari amesafiri. Ndugu, amesafiri mpaka leo.

Hasara iliyo kubwa kwangu si zile fedha. Siku ile bwana mkubwa, kabla ya kutoa bahasha, alisimulia barabara na maji na umeme kwa muda wa saa nzima, na hakuna aliyethubutu kumwuliza swali. Utamwulizaje mtu swali naye ameshika bahasha ya mtoto wako? Tulikuja tukiwa wananchi tukaondoka tukiwa watazamaji. Pale mgeni anapotoa zaidi ya watu wote pamoja, shughuli huwa ni yake.

Serikali nayo imeliona jambo hili, kwa njia yake. Sheria ya Maadili ya Maofisa wa Umma ya mwaka 2003 iliwakataza maofisa kutumia vyeo vyao kukusanya fedha za harambee. Baada ya maandamano ya vijana mwaka 2024, Rais Ruto alitangaza tarehe 5 Julai kwamba maofisa wa serikali wasishiriki tena katika michango ya hadhara. Novemba mwaka huo huo Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza zirudishwe fedha zilizotolewa na wakubwa katika parokia moja ya mji huo. Huyu wengi wetu twamjua, maana alikuwa Askofu wa Homa Bay tangu 2003 hadi 2018. Nilifurahi niliposikia. Lakini kumwondoa bwana mkubwa kwenye hema hakutoshi kama yule mwenye daftari bado amesafiri.

Tena liko deni jingine, na hapa naomba mnisikilize kama mnavyosikiliza wakati wa mazungumzo ya mishahara. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kwa mwanafunzi wa shule ya upili ya kutwa serikali iliweka Sh. 22,244 kwa mwaka. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi, mwana wa Suba aliyekuwa Mbunge wetu wa huku, aliwaambia Wabunge wa kamati ya elimu kwamba fedha zilizomo katika bajeti zatosha kama Sh. 16,900 tu kwa kila mmoja. Serikali baadaye ilisema elimu ya bure haijafutwa. Vema. Lakini chukueni kalamu. Kutoka 22,244 ukiondoa 16,900 inabaki 5,344. Shule yenye watoto 500 inapungukiwa Sh. 2,672,000 kwa mwaka mmoja. Ni harambee gani ya kijijini, yenye hema na ngoma na mbuzi wa mnada, iliyopata kuleta fedha hizo? Na ikileta, mwaka ujao je?

Mwajiri akikulipa pungufu, halafu akupitishie kofia wewe na wenzako mchangiane kulijaza pengo, mtaiita hisani? Wenzetu wa viwanda vya sukari wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Viwanda vinne vya serikali, pamoja na Sony hapa Awendo, vilikodishwa kwa miaka 30 mwaka 2025, na watu waliingia katika mabadiliko hayo wakiwa bado wanadai malimbikizo ya mishahara yao. Mtu anayedai mshahara wa miezi anapewa kadi ya kuchangia shule ambayo nayo inadai. Wadai wawili wanachangiana, na mdaiwa ndiye mgeni wa heshima!

Kwa hiyo nasema shughuli hizi za vijijini tusiziache, bali tuzigeuze. Siku ya mchango iwe kwanza siku ya hesabu. Kabla ya mtu kutoa senti moja, isomwe kwa sauti, kwa Kijaluo, kwa Kikuria au kwa Kiswahili, ilivyopatikana mwaka jana na ilivyotumika. Halafu isomwe fedha ambazo serikali ilipaswa kuleta shuleni na zile zilizoletwa. Likitoka hilo, ndipo tutoe, na kila mtoaji apewe risiti, hata mwenye hamsini. Ahadi isipigiwe makofi.

Na daftari lishikwe na nani? Katika harambee zetu wanawake ndio wapikao, wachotao maji, na watoao mara nyingi kabla yetu, bali kalamu hushikwa na mwanamume. Mama Phoebe Asiyo, aliyefariki Julai 2025, alikuwa Mbunge wa Karachuonyo, na mwaka 1997 alileta hoja Bungeni ya kuwapa wanawake nafasi zaidi katika uongozi. Hoja ilishindwa. Miaka 13 baadaye Katiba ikasema jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Kamati ya harambee ya wanaume saba na mama mmoja wa kugawa soda haifai tena. Wenzetu wa Kuria wana sababu zaidi: huko likizo ndefu ya Desemba ndiyo majira ya kukeketwa wasichana, ijapokuwa sheria ya mwaka 2011 imekataza, na kikao cha kuchangia bweni chaweza kuwa mahali pa msichana kukimbilia ikiwa mama wamo ndani ya kamati.

Jambo la mwisho ni mikutano ya bajeti ya kaunti. Elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba, na Migori na Homa Bay zote mbili hazina budi kuwaita wananchi watoe maoni. Tarehe 1 Juni 2025 Sikukuu ya Madaraka iliadhimishwa Homa Bay na watu walijaa uwanjani tangu alfajiri. Mkutano wa bajeti niliohudhuria mimi katika wadi yangu ulikuwa Jumatano saa nne, na viti vingi vilikuwa vitupu. Si kwamba watu hawapendi. Jumatano saa nne mkata miwa yuko shambani na mwalimu yuko darasani, na wanaobaki huru ni wale ambao mtoa mkutano aliwapigia simu.

Najua watakuwako watakaosema kwamba nikianza kuuliza maswali, Jumatatu mtoto wa maskini atarudishwa nyumbani wakati sisi tunabishana. Hilo lanitia uzito kweli. Ndiyo sababu sisemi mtu azuie mkono wake. Mtoto aliye mlangoni leo alipiwe leo. Lakini mtoto yule atakuwa mlangoni tena muhula ujao, na ndugu yake nyuma yake.

Tawi letu limekubali kuleta hoja mbili katika mkutano wa wanachama. Ya kwanza, chama kisipokee kadi ya mchango wa shule kazini isipokuwa imeambatanishwa na hesabu ya mchango uliopita. Ya pili, tuombe kaunti zote mbili ziweke mikutano ya bajeti Jumamosi alasiri, na chama kilipe nauli ya wanachama wawili kutoka kila tawi, mmoja wao mwanamke, waende wakarudi na taarifa ya maandishi. Anayetaka kupinga aje apinge. Mimi nitakuwapo, na risiti zangu nne za Januari nitakuja nazo, yaani zile mbili nilizopewa.

Wenu katika kazi,
Mwanachama, Rongo