Barua ya shule husomwa na nani nyumbani?



Wazazi kadhaa wenye watoto katika shule za sekondari za kimataifa wametuulizia jambo ambalo kwa sura ni dogo. Kila mwisho wa wiki shule hizo huwatumia wazazi barua ya habari. Je, barua ile ni ya kusomwa kweli, au ni pambo la shule tu, mfano wa mabango ya njiani? Jibu letu ni kwamba isomwe, na isomwe na mtu mzima.

Asili ya barua hizi inaeleweka. Shule kama International School of Tanganyika, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, na ile iliyoanza Moshi mwaka 1969 ambayo leo inaitwa UWC East Africa, zilianza kwa kuhudumia zaidi familia za wageni waliokuja nchini kikazi. Mzazi mgeni hana shangazi mtaani wala jirani wa kumuuliza, kwa hiyo huandikiwa kila kitu: neno la mkuu wa shule, tarehe za mitihani, mabadiliko ya ratiba, michezo, safari, ada, na picha nyingi za watoto waliovaa medali. Leo madawati ya shule za aina hii yamejaa watoto wa wafanyabiashara wa Kariakoo, wa madaktari wetu, na wa jamaa zetu wa Unguja na Tanga. Barua imebaki ile ile, kwa Kiingereza kile kile, na huingia katika simu Alhamisi au Ijumaa, saa ambayo nyumba zetu zina shughuli nyingine kabisa.

Katika shule za serikali mzazi huitwa mkutanoni, au mtoto hurudi na karatasi ya Kiswahili mkononi. Huku mzazi haitwi. Anaandikiwa, na akishaandikiwa huhesabiwa kuwa amejua. Tumeonyeshwa barua ambazo mwisho wake, chini ya picha za mpira wa kikapu, kulikuwa na mstari mmoja unaosema kuwa mzazi ambaye hatajibu kufikia tarehe fulani atachukuliwa kuwa ameridhia. Ameridhia nini? Mara moja ilikuwa safari ya siku tatu ya kulala nje, wavulana na wasichana. Mara nyingine ilikuwa mtoto kuacha somo moja na kushika jingine. Mzazi aliyekaa kimya kwa kuwa hakusoma, na yule aliyekaa kimya kwa kuwa amekubali, mbele ya ofisi ya shule ni mtu mmoja.

Tulipouliza katika nyumba kadhaa barua hii humfikia nani, tulikuta mambo mawili.

La kwanza ni la anuani. Siku ya kuandikisha mtoto, fomu hujazwa jina na barua pepe ya anayelipa ada. Katika familia zetu anayelipa mara nyingi ni baba aliyeko Muscat au Dubai, au ni mjomba, au kaka mkubwa mwenye duka. Basi barua humfikia yeye, akiwa kazini, maili elfu mbili kutoka nyumbani. Huitazama, akaona picha, akaridhika kwamba pesa yake inafanya kazi. Mama, ambaye ndiye anayemwamsha mtoto alfajiri, anayejua kama amekula na kama ana homa, hana habari. Hakuna aliyefanya hila hapo. Ni fomu tu iliyojazwa kwa haraka miaka mitatu iliyopita.

La pili ni zito zaidi. Mahali ambapo barua humfikia mama, anayemsomea ni mtoto mwenyewe.

Tuliangalie jambo hili kwa utulivu, kwa kuwa hatutaki kuwatuhumu watoto wetu. Mama ameletewa barua ya kurasa nne. Kiingereza chake ni cha dukani na hospitalini, hakifikii maneno ya wataalamu wa elimu. Anamwita mwanawe: "Baba, hebu njoo unisomee, wanasemaje hawa?" Kijana anapitisha kidole juu ya kioo, juu hadi chini, sekunde kumi. "Hamna kitu, mama. Wanasema Jumatano kuna michezo." Hakusema uongo, kweli Jumatano kuna michezo. Ila barua ilikuwa pia na siku ya wazazi kuonana na walimu, na orodha ya waliochelewa kuwasilisha kazi za darasani, na fomu ya kuchagua masomo. Kijana amefanya kama afanyavyo mfasiri yeyote aliye na maslahi katika shauri: amefasiri upande wake.

Kuna sababu nyingine ya kukata habari ya siku ya wazazi, nayo haina uhusiano na alama mbaya. Kijana wa miaka kumi na minne huona wazazi wa wenzake wakiingia shuleni wakizungumza na walimu kwa kicheko. Humfikiria mama yake amekaa kwenye kiti kile, na buibui lake, akitafuta neno la Kiingereza asilipate. Huona haya. Pengine hujiona kuwa anamlinda mama yake asifedheheke. Mama naye, kwa kutojua, hukaa nyumbani akiamini kuwa shule ile haina desturi ya kuita wazazi. Hivyo mwaka unakwisha, na mwalimu ameandika katika kumbukumbu zake kwamba familia hii haijali. Dhana hiyo humfuata mtoto hadi siku atakapohitaji barua ya mapendekezo ya kuombea chuo.

Mtoto aliyezoea kuwa mlango pekee kati ya nyumba na shule hujifunza pia kwamba mzazi wake anaweza kuendeshwa. Likishaingia moyoni hilo, haliishii kwenye barua ya shule. Suratul-Hujurat imetufundisha kuhakikisha habari kabla ya kuijengea uamuzi, na sisi hudhani fundisho lile ni la fitina za mtaani na uvumi wa kisiasa tu.

Tuje kwenye yaliyomo, na tuanze na kalenda, maana ndipo familia za Kiislamu huumia zaidi.

Shule hizi, kwa sehemu kubwa, hufuata mitihani ya Cambridge au mpango wa IB wenye asili ya Geneva. Mitihani ya Cambridge hufanyika Mei na Juni, na tena Oktoba na Novemba. Ya IB hufanyika Mei na Novemba. Ratiba hutangazwa miezi mingi kabla, na haisogezwi kwa ajili ya familia moja wala shule moja. Kalenda yetu ya Hijria hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka wa miladi. Matokeo yake, Idi ya kuchinja ilikuwa katikati ya Juni mwaka 2024, mwanzoni mwa Juni mwaka 2025, inatarajiwa mwishoni mwa Mei mwaka 2026 na katikati ya Mei mwaka 2027. Kwa miaka yote hiyo inaangukia msimu wa mitihani. Kuna familia ambazo zimekwisha kununua mbuzi na kukata tiketi za kwenda kwa babu, kisha usiku wa Arafa kijana akasema kwa sauti ndogo kwamba kesho ana karatasi ya kemia. Ratiba ile ilikuwa katika barua ya shule tangu muhula uliotangulia.

Nafuu ipo kwa anayejua mapema. Mitihani ya Cambridge ina karatasi za asubuhi na za mchana. Ikiwa ya siku hiyo ni ya mchana, kijana ataswali Idi, atakula na nduguze, kisha ataingia chumba cha mtihani. Ikiwa ni ya asubuhi, mzazi azungumze mapema na mratibu wa mitihani ili wajue saa hasa ya kuripoti, na familia ipange swala na chakula kwa kufuata hilo. Na tofauti na Idi ya Ramadhani, ambayo huijua usiku wa kuamkia, Idi ya kuchinja hujulikana siku tisa kabla, mwezi wa Dhulhija ukishaandama. Siku tisa zinatosha kwa simu moja shuleni.

Ramadhani nayo iko sasa Februari na Machi, wakati ambapo shule nyingi hufanya mitihani ya majaribio, na kwa matokeo ya majaribio hayo walimu hukisia daraja atakalopata mwanafunzi. Vijana wetu wamewahi kufunga katika mtihani wenyewe; mwaka 2018 Ramadhani ilianza katikati ya Mei na walifanya, wakafaulu. Wanachohitaji ni usingizi na daku, na nyumba isiyowakesha kwa wageni. Barua ya wiki ndiyo itakayomwambia mama kwamba Jumatatu kuna hesabu, ili Jumapili usiku asialike watu ishirini kwa futari. Ndiyo pia itakayomwambia kuwa Alhamisi kuna mbio za masafa, ili amwandikie mwalimu wa michezo kwamba mtoto amefunga. Walimu wengi wakiambiwa kabla huafiki. Wakiambiwa mtoto akiwa amekwisha kuanguka uwanjani, huafiki pia, lakini kwa uso mwingine.

Swala ya Ijumaa tutaisema kwa ufupi. Kijana aliyebaleghe inamlazimu, na ratiba za vilabu na mechi huwekwa Ijumaa mchana bila nia mbaya ya mtu. Wazazi wa Kiislamu wakiandika kwa pamoja mwanzoni mwa muhula, barua moja yenye majina yao, hupata jibu kwa haraka kuliko kila mmoja akilalamika peke yake mwezi wa tatu. Mavazi ya kuogelea kwa mabinti yana njia hiyo hiyo, na nguo za stara za kuogelea zinapatikana sasa madukani.

Uchaguzi wa masomo hauvumilii kuachwa. Hufanyika mtoto akiwa na miaka kumi na mitatu au kumi na minne, na fomu yake huja ndani ya barua kama tangazo la kawaida tu. Cambridge ina somo la Islamiyat katika ngazi ya IGCSE, na lipo la Kiarabu, na la Kiswahili. Kila shule huchagua yapi ifundishe, na huangalia wangapi wameomba. Wazazi wasiouliza hawawezi kuhesabiwa. Na mtoto anayetarajia kusoma chuo hapa nchini akumbuke kwamba cheti cha nje hulinganishwa kwanza na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA. Aliyeacha sayansi kwa sababu rafiki zake waliacha, halafu akataka udaktari, hukutana na ukuta ambao ulijengwa ile siku ya fomu.

Kwa walio katika IB, mzazi ataona herufi CAS zikirudiwa kila wiki. Maana yake ni kazi za ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma kwa jamii, na pasipo kuzitimiza diploma haitolewi, hata kama masomo yote sita yamekwenda vizuri. Ibada yenyewe haihesabiwi humo, lakini kijana anaweza kufundisha hesabu kwa watoto wa mtaa wake Jumamosi, akaandikiwa na shule, na mtaa ukafaidika. Mzazi asiyejua herufi hizo humzuia mtoto kutoka Jumamosi akidhani anazurura.

Tunachopendekeza si kigumu. Barua ipewe saa yake, tuseme Ijumaa baina ya Maghrib na Isha, simu iwe mkononi mwa mzazi. Asome mtu mzima anayejua lugha: mpwa aliye chuoni, jirani, mke wa imamu aliyekuwa mwalimu. Asiye na mtu atumie programu ya kutafsiri iliyomo katika simu. Huweza kukosea majina ya masomo, lakini tarehe kwa kawaida huzipata. Mtoto awepo, aeleze wanayoyafanya, aulizwe, asiwe yeye mwenye ufunguo. Zitafutwe kwanza tarehe, kisha kila mahali panapotakiwa jibu. Jibu likitakiwa, mzazi aandike kwa Kiswahili bila haya. Shule iliyo katika nchi hii ina watu wa kuisoma, na mwalimu mkuu anayepokea barua ya Kiswahili kutoka kwa mama hujua kwamba nyumba ile ina mwenyewe.

Na kwa akina baba mlio Muscat na kwingineko: endeleeni kupokea barua hiyo, lakini ongezeni anuani ya mama wa mtoto katika fomu ya shule. Ofisi hufunguliwa asubuhi siku za kazi, na kazi yenyewe haizidi dakika tano.

Wallahu a'lam.