Kuuliza Si Ukomunisti

Juzi katika somo la Historia niliuliza kwa nini mchuma majani chai anazeeka bila hata shamba la sukuma wiki. Darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo naitwa "Mkomunisti".

Jina hilo si geni Kenya. Bildad Kaggia alifungwa pamoja na Mzee Kenyatta baada ya kesi ya Kapenguria. Uhuru ulipokuja, alitaka wasio na ardhi wapewe mashamba ya walowezi bure. Mwaka wa 1964 akapoteza unaibu waziri. Yeye na Jaramogi Oginga Odinga wakaitwa wakomunisti, na chama chao cha KPU, kilichoundwa 1966, kikapigwa marufuku 1969. Je, swali lao lilijibiwa? Wapi! Lilifukiwa tu kama moto chini ya majivu.

Sisemi ukomunisti ni mzuri. Kule Urusi, Stalin aliwanyang'anya wakulima mashamba kwa nguvu, na mamilioni ya watu wakafa njaa. Mimi sitaki hayo. Nataka jibu tu.

Sisi wa Kipkelion tunajua jina linaweza kuchoma nyumba. Majirani waliitwa "madoadoa", na mapema 2008 maboma yakateketea. Chini ya matusi hayo kulikuwa na swali lile lile la ardhi.

Kwa hivyo wenzangu, mtu akiuliza, tumjibu hoja kwa hoja, tusimpachike jina. Wahenga walinena, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nami bado nauliza.