Korongo Aliyekatwa Mbawa

Wapenzi wa senema wa tangu hapo huulizana: ilikuwaje Tatiana Samoilova, aliyeshangiliwa huko Cannes mwaka wa 1958, akatoweka? Jawabu lake si la mwigizaji mmoja. Ni habari ya dola na kipaji: ni nani mwenye mali?

Bibi huyu alizaliwa Leningrad mwaka wa 1934, binti wa Yevgeny Samoilov, naye mwigizaji mashuhuri. Mwaka wa 1957 akatokea katika "Korongo Wanaruka", filamu ya Mikhail Kalatozov. Ni kisa cha Veronika, ambaye mchumba wake, Boris, aenda vitani asirudi, naye akaolewa na binamu wa Boris hali angali akimngoja yule. Hapo ndipo penye uchungu na utamu wake. Zama za Stalin, mwanamke wa kwenye filamu za vita aghalabu alingoja kama jiwe. Veronika ateleza, ajuta, hana la kujitetea. Na mpigapicha Urusevsky amwandama kwa kamera mkononi katikati ya umati, hata mtazamaji asikie pumzi zake. Stalin alikuwa amekufa 1953. Mlango ulifunguka kidogo, filamu ikapita. Cannes wakaipa Palme d'Or.

Wageni wakamtaka. Wakubwa wa filamu wa Moscow wakasema la. Watetezi wao watasema hakufungiwa: alicheza Hungary katika "Alba Regia" (1961), kisha katika filamu ya ubia na Waitaliano. Ni kweli. Lakini huko alikwenda kwa kutumwa, si kwa kuchagua, na baina ya mawili hayo pana bahari.

Mwaka wa 1967 akawa Anna Karenina, chini ya Aleksandr Zarkhi. Aliyecheza Vronsky ni Vasily Lanovoy, aliyepata kuwa mumewe kabla hawajaachana. (Naona macho yao pale hayakuhitaji mwelekezi.) Baadaye ni vijisehemu tu, na tangu katikati ya miaka ya 1970 hakuonekana kwa muda mrefu.

Wako wanaotaja maradhi na tabia ngumu. Huenda. Ila maradhi hayaandiki barua za kukataa mialiko. Dola iliyoziandika ilipovunjika mwaka wa 1991, bibi alikuwa na miaka 57. Alifariki Moscow, 4 Mei 2014, siku ileile aliyotimiza miaka 80.