Ukuta wa milioni moja

Kijana mwenzangu wa Bukoba, magazeti mengi ya Ulaya na Marekani humtoza msomaji wa mtandaoni: huna hela, husomi. Kwetu ukuta umejengwa mlangoni kwa mwandishi! Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi na 1,000,000 za leseni. Bila leseni, faini isiyopungua milioni 5, au jela isiyopungua miezi 12, au vyote viwili. Mtoto wa mkulima Maruku angezitoa wapi? Baadhi wakafunga. Ada ilipunguzwa baadaye, lakini leseni imebaki. Sasa mzee wako akipunjwa kahawa kwenye mizani, nani ataandika? Vigogo? Thubutu!