Mahindi ya kuuza, mtama wa kuweka ghalani

KILA mwaka mvua za kwanza zinapokaribia, kati ya Novemba na Desemba, mkulima wa Singida hujiuliza swali lile lile: ekari zake chache azipande nini? Siku hizi wengi hujibu bila kusita kuwa ni mahindi. Mvua ikikatika Februari, wakati mahindi yanatoa mbelewele, jibu hilo hugeuka majuto.

Hatuna nia ya kurudia lawama zilizozoeleka kwamba mkulima hasikii ushauri wa wataalamu. Historia inaonyesha kuwa hakuyafuata mahindi kwa ujinga. Aliyafuata kwa hesabu.

Zao lenyewe ni mgeni. Lilianza kulimwa Mexico miaka ipatayo 9,000 iliyopita, na likafika pwani yetu baada ya Wareno kuingia katika karne ya 16. Huku bara liliingia polepole. Chakula cha kanda ya kati kilikuwa mtama na uwele, nafaka zenye asili ya Afrika na zinazovumilia ukame.

Kwa Wanyaturu nafaka hizo zilikuwa pia mtaji. Aliyevuna ziada aliibadilisha kwa mbuzi au ng'ombe. Samadi ya ng'ombe ilirudi shambani, na shamba likatoa nafaka zaidi. Aliyehitaji watu wa kumsaidia kazi alipika pombe ya nafaka, majirani wakaja. Ghala lilikuwa ndiyo benki ya kaya.

Kilichobadili mambo ni soko. Baada ya ukame wa 1973 na 1974, nchi ililazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje, na wazee wengi hawajausahau unga wa njano. Serikali ikaweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, na Shirika la Usagishaji la Taifa (NMC) ndilo likawa mnunuzi. Mtama nao ulipandishiwa bei ili maeneo makame yaulime. Wakulima waliitikia, lakini watu wa mijini walikwisha kuzoea sembe, na shirika likabaki na shehena za mtama zisizo na mlaji. Mkulima aliliona hilo, na hakulisahau.

Zipo sababu nyingine. Kwelea kwelea wanaweza kumaliza shamba la mtama au uwele kwa siku chache, ilhali hindi limefunikwa na maganda yake. Zamani watoto walishinda shambani wakiamia ndege. Leo wako shuleni, na hilo ni jambo jema. Tena mtama unataka kukobolewa vizuri ndipo unga wake upendeze, na mama aliyechoka hawezi kulaumiwa akipeleka mahindi mashineni badala ya kurudi kwenye kinu.

Pamoja na hayo yote, mvua haijui habari za soko. Sehemu kubwa ya Singida hupata kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka, tena katika msimu mmoja tu. Mahindi yakikosa maji wakati wa kuchanua, mavuno hayarudi hata mvua ikinyesha baadaye. Mtama hukunja majani ukasubiri, na mvua ikirejea huendelea kukua. Kuanzia 2017 nchi yetu imevamiwa na viwavijeshi vamizi, ambao hupenda mahindi kuliko mazao mengine. Mwaka 2016 majirani zetu wa Dodoma na Manyara walipoteza ndugu kutokana na sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi.

Mwaka wa ukame ndipo mzunguko ule wa wazee huenda kinyume. Mkulima hupeleka mbuzi mnadani wakati kila mtu anauza, akapata bei ya kutupa. Kisha hununua debe la mahindi yaliyotoka mkoa mwingine kwa lori, kwa bei iliyokwisha kupaa. Mfanyabiashara mdogo naye haneemeki, maana mteja aliyeuza mifugo yake kwa hasara hana cha kununulia sabuni wala daftari.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Mkulima atenge kwanza eneo la chakula cha familia na kulipanda mtama au uwele. Mahindi yafuate, hasa kwenye ardhi yenye samadi na inayotunza unyevu, yakihesabiwa kuwa biashara yenye bahati nasibu ndani yake. Alizeti, ambayo mkoa wetu unasifika kwayo, ibaki kuwa zao la fedha. Mbegu bora zipo: mtama wa Macia, Wahi na Hakika, na uwele wa Okoa. Wahi na Hakika huhimili pia kiduha.

Lakini mzigo huu usibebwe na mkulima peke yake. Tangu enzi za ukoloni wakulima wa maeneo makame wamekuwa wakiamriwa kulima mazao ya kinga ya njaa, na amri peke yake haijawahi kuwafukuza ndege. Tunaziomba mamlaka zihakikishe kwelea kwelea wanadhibitiwa kabla mtama haujakomaa, si baada ya kilio. Wenye mashine nao waweke za kukoboa mtama vijijini. Viwanda vya bia na vya vyakula vinavyotaka nafaka hiyo vikubaliane na vikundi vya wakulima kuhusu bei kabla ya msimu wa kupanda.

Mahindi yamekuwa chakula chetu, na hakuna sababu ya kuyafukuza. Tunachosema ni kwamba mgeni asikabidhiwe funguo zote za ghala. Wahenga walisema akiba haiozi, na kwa ardhi ya Singida akiba hiyo ni mtama na uwele.