Ati "Ukivuta Haitoki"? Ngoja Miezi Sita

Hizi video za kutengeneza spika ziko kila mahali siku hizi. Msee analehemu waya, anangoja ipoe, anaivuta mara mbili, halafu anaangalia kamera: "Mnaona? Haitoki." Laiki kibao. Mimi naona hizo sekunde mbili zinadanganya watu, na wanaodanganywa ndio hulipa fundi mara ya pili.

Lehemu nyingi za mafundi ni bati na risasi (risasi ile metali, si ya bunduki). Ile yenye bati asilimia 63 na risasi 37 inayeyuka kwa digrii 183. Utadhani kwa digrii 25 za chumbani imelala tu. Wapi! Joto la metali linahesabiwa kuanzia sifuri kabisa, yaani digrii 273 chini ya sifuri yetu ya kawaida. Ukihesabu hivyo, lehemu ikiwa tu mezani kwako imeshafika kama asilimia 65 ya safari ya kuyeyuka. Chuma, hapo hapo mezani, kiko kama asilimia 16. (Niliacha chuo, sikuacha hesabu.)

Kwa hali hiyo atomu za lehemu zinapata nafasi ya kuhama, na chembe zinazounda metali zinateleza moja kando ya nyingine. Mainjinia wanaita kripu. Mzigo hauongezeki hata kidogo, lakini lehemu inaendelea kunyooka. Vitundu vinaanza ndani, vinaungana, vinakuwa ufa. Siku moja inaachia na hakuna mtu ameigusa. Hata mapaa ya risasi ya makanisa ya zamani kule Uingereza huteremka polepole kwa uzito wao wenyewe.

Sasa toa hiyo kazi mezani, peleka kwa matatu. Kebo nzito inaning'inia kwa lehemu peke yake, ndani kuna joto, barabara ni matuta, besi inatingisha kila kitu. Joto likipanda, kripu inakimbia. Ukiongeza mzigo mara mbili, kasi inaongezeka zaidi ya mara mbili.

Lehemu ni ya kupitisha umeme, si ya kubeba kebo. Pitisha waya kwenye tundu, ikunje ijishike yenyewe, ndio ulehemu. Halafu funga kebo kwa boksi ndio uzito ukae huko. Ni dakika mbili tu. Na ukishashika risasi, nawa mikono kabla ya smokie, tafadhali.

Wenye video, tuonyesheni ile spika baada ya miezi sita, kebo ikiwa bado inaning'inia. Hiyo nitaangalia mpaka mwisho.