Ajali Haina Kinga, Lakini Kichwa Kinayo

Juma lililopita mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuja nyumbani kunionyesha pikipiki aliyoinunua kusudi afanye kazi ya bodaboda. Kwa hakika ilipendeza macho. Tangi la petroli alilipaka rangi nyekundu na manjano. Nyuma ya madigadi alining'iniza kipande cha mpira chenye maandishi. Vioo alivipamba kwa nyuzi za rangi, na chini ya kiti alitia redio pamoja na taa ndogo ndogo zinazowaka usiku kama vimulimuli. Niliisifu kazi yake, maana kijana anayetunza chombo chake ni bora kuliko yule anayekiacha kipate kutu. Kisha nikamwuliza, "Na helmeti yako iko wapi?" Akacheka, akajibu, "Mjomba, ajali haina kinga."

Neno hilo twalisema wengi. Hata mimi, naungama kwa aibu, nimelisema mara nyingi nikienda ofisini kwa bodaboda, nikaikataa kofia niliyopewa kwa sababu ilikuwa imevaliwa na vichwa vingi kabla ya changu. Kwa hiyo nilimketisha mpwa wangu, nikampa habari ambayo leo nataka kuwapa na ninyi.

Uingereza alikuwako bwana mmoja, jina lake T. E. Lawrence, aliyepata sifa kubwa kwa kupigana pamoja na Waarabu dhidi ya Waturuki katika Vita Kuu ya Kwanza. Bwana huyo alipenda pikipiki kupita kiasi. Alinunua za Brough Superior, zilizotengenezwa katika mji wa Nottingham na bwana George Brough. Hazikuwa pikipiki za kila mtu: tangu mwaka wa 1919 hata 1940 zilitengenezwa kama 3,000 tu, na mnunuzi aliweza kutengenezewa yake kwa kadiri ya mwili wake na mapenzi yake. Ile iliyoitwa SS100 iliuzwa kwa ahadi kwamba yaweza kukimbia maili 100 kwa saa. Lawrence alikuwa nazo saba, moja baada ya nyingine, naye akazipa jina la Boanerge, ambalo wasomaji wa Injili wanajua kuwa maana yake ni wana wa ngurumo.

Tarehe 13 Mei, 1935, alikuwa akirudi nyumbani kwake Clouds Hill, katika jimbo la Dorset. Barabara ile ilikuwa na bonde lililoficha vijana wawili waliokuwa wakienda kwa baisikeli. Alipowaona ghafula aliwakwepa, akaanguka, akapiga kichwa chini. Hakuvaa helmeti. Alilala siku sita bila fahamu, akafa tarehe 19 Mei, naye alikuwa na umri wa miaka 46. Yeye mwenyewe alikuwa fundi hodari wa kuendesha, na pikipiki yake ilikuwa miongoni mwa zilizo bora duniani. Lakini ubora wa chombo haukukisaidia kichwa chake hata kidogo.

Miongoni mwa waganga walioitwa kumtazama alikuwako Hugh Cairns, mzaliwa wa Australia, bingwa wa kupasua ubongo. Hakuweza kumwokoa, lakini jambo lile halikumtoka moyoni. Vita vya Pili vilipoanza, aliona matarishi wa jeshi waliopeleka barua kwa pikipiki wakifa kwa wingi barabarani. Akakusanya hesabu, akazitangaza mwaka wa 1941: katika miezi 21 ya kwanza ya vita, waendeshaji wa pikipiki na abiria wao 2,279 walikuwa wamekufa kwa ajali huko Uingereza, na wengi wao waliuawa na majeraha ya kichwa. Waliovaa helmeti aliowaona walikuwa saba tu, wala hakufa hata mmoja wao. Mnamo Novemba mwaka huo huo jeshi liliamuru kila askari mwenye pikipiki avae helmeti awapo kazini, na baada ya hapo vifo vikapungua. Hata hivyo raia wa Uingereza hawakuwekewa sheria ya namna hiyo mpaka mwaka wa 1973.

Mpwa wangu aliuliza, "Kofia tu yawezaje kufanya hivyo?" Swali hilo ni la haki. Ganda la nje, lililo gumu, hutawanya nguvu ya pigo isikae mahali pamoja. Ndani yake mna povu gumu ambalo hubonyea, na kule kubonyea hukifanya kichwa kisimame polepole kidogo badala ya kusimama ghafula, hata ubongo usirushwe kwa nguvu zote ndani ya fuvu. Povu hilo likibonyea halirudi tena. Basi helmeti iliyopata pigo kubwa haifai tena, ingawa kwa nje yaonekana nzima. Wala haifai helmeti isiyofungwa ukanda chini ya kidevu, kwa maana itaruka kabla ya kichwa kufika chini. Uchunguzi mmoja wa mwaka 2008, uliokusanya kazi za wataalamu wengi, ulionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa kadiri ya asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Na ninyi abiria, najua udhuru wenu, kwani ulikuwa wangu. Mwaona kinyaa kuvaa kofia yenye jasho la wengine. Lakini dawa yake ni rahisi: chukua kitambaa safi, jifunge kichwani, kisha uvae helmeti juu yake. Nanyi waendeshaji, isafisheni na kuianika juani, kusudi mtu asiwe na sababu ya kuikataa.

Nilipomaliza, mpwa wangu alinyamaza, akahesabu kwa vidole gharama za rangi, redio na taa. Akasema kwa sauti ya chini, "Mjomba, fedha hizo zingalinunua helmeti mbili." Nikamwambia kwamba mwisho wa mwezi twende dukani pamoja, nami nitamsaidia kununua yake na ya abiria wake. Yangu nitainunua mwenyewe, nisiwe mtu wa kufundisha asilolitenda.

Ni kweli, ajali haina kinga. Aliyewakwepa vijana wale barabarani hakukosa ufundi. Lakini ajali na kifo ni mambo mawili, na kati ya hayo mawili mwanadamu amepewa nafasi ya kuweka kitu. Tusiiache nafasi hiyo wazi kwa ajili ya methali.